Sauti ya Kaka Saa Tisa Mchana

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa, baba alikuwa karani katika ofisi za mkoa wa Arusha. Walimpa barua ya uhamisho, tukapakia vitanda, kabati na kuku watatu kwenye lori, tukahamia Babati. Mama alifurahi, maana kwao ni Mbulu, na sasa angeweza kwenda kuwaona wazazi wake bila kuagana nasi kama mtu anayekwenda ng'ambo. Kaka yangu hakufurahi. Alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuwa mabaya, na marafiki zake wote kawaacha Arusha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mtoto wa umri huo haulizwi anapenda kukaa wapi.

Tulipanga nyumba Singe, jirani na mashine ya kusaga. Wakati huo kila mtu Babati alikuwa mgeni au alikuwa akiwashangaa wageni. Ofisi za mkoa zilikuwa kwenye majengo ya kuazima, baba alikaa chumba kimoja na makarani wenzake watano, na mtaani kwetu kila mwezi ungeona lori linashusha godoro na makochi ya mtumishi mwingine. Mama alipata shamba la kukodi Mutuka akalima mahindi na mbaazi. Watu walimwita kwa jina la kaka, Mama Fulani, kama ilivyo desturi. Jina lake mwenyewe sidhani kama hata majirani watatu walilijua.

Kompyuta tuliipata kwa sababu ya mradi. Kulikuwa na wataalamu waliokuwa wakipima mipaka ya vijiji, na walipomaliza, mmoja wao alimwachia baba mashine ya zamani, yenye kioo cha chogo, kinene nyuma na kizito kama jiwe la kusagia. Baba aliiweka stoo, kati ya magunia, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na soketi isiyotumika. Yeye aliitumia kuandika barua tu. Kaka ndiye aliyeichimbua ndani akakuta kuna mchezo.

Ulikuwa mchezo wa watu wanaosafiri kwa miguu, wanaingia mapangoni, wanapigana na mazimwi. Picha zake zilikuwa ndogo na za mikwaruzo. Kabla ya kuanza, ulitakiwa uchague watu wanne wa kwenda nao. Nyuso zilipangwa kwenye mstari, na chini ya kila uso kulikuwa na alama ndogo ya sikio. Ukibofya sikio, mtu yule anasema neno moja, ili uisikie sauti yake kabla hujamchukua. Ukibofya tena, anasema neno lingine. Hukuweza kuchagua aseme nini. Wote walisema Kiingereza cha haraka, sisi hatukuambulia kitu.

Kaka alikaa na ile mashine siku nyingi. Asubuhi moja akaniita stoo.

"Sauti zao nimeziona zinapokaa," akasema. "Kila neno lina faili lake. Nikirekodi langu, nikalipa jina lilelile, nikaliweka palepale, huyu jamaa atasema ninachotaka mimi."

"Atasema Kiswahili?"

"Atasema hata Kimbulu, nikipenda."

Aliazima maiki kwa mtu wa stationery mjini. Tukasimamisha godoro lake mlangoni ili kuzuia kelele za mashine ya kusaga, lakini hazikuzuilika. Ikabidi tusubiri mashine inyamaze, maana walikuwa wakiizima kila baada ya muda ili ipoe. Ikinyamaza tu, kaka anaegemea maiki na kusema neno lake haraka. Alichukua uso wa tatu kutoka kushoto, mwanamume mwenye ndevu na kofia ya chuma, akampa sauti yake mwenyewe.

Nayakumbuka maneno yote. Ukimchagua: "Nani ananiita?" Ukimtuma: "Haya, natangulia." Ukikaa bila kumgusa: "Mmelala? Tuondokeni hapa." Akipigwa: "Nimeumia, msiniache." Hilo la kuumia tulirekodi mara nyingi kwa sababu alikuwa akicheka, mpaka akaniambia nimfinye mkono kwa nguvu, na nilimfinya kwelikweli, na sauti ikatoka kama anavyotaka. La kufa lilikuwa la mwisho. Alivuta pumzi ndefu, akaiachia, akasema polepole, "Nyie endeleeni tu." Kisha akanigeukia akiwa anatabasamu. "Umeona? Hata kufa naweza."

Kulikuwa na jingine ambalo halikutokea kama lilivyopangwa. Alikuwa ndiyo kwanza amebofya kurekodi, mama akamwita kutoka uani aje amshikie beseni. Kaka akajibu, "Nakuja, subirini!" Tulipolisikiliza, sauti ya mama ilisikika kwa mbali, ikilitaja jina la kaka, kisha ya kaka karibu. Akasema ataliacha hivyohivyo, ni zuri.

Mama alipoonyeshwa, alisimama mlangoni na mikono yake ina unga. Alimsikiliza yule mtu wa kofia akisema kwa sauti ya mwanawe, akatikisa kichwa. "Sauti ya mtu haiachwi ovyo," akasema, akarudi jikoni. Tulimcheka.

Mwaka uliofuata kaka aliondoka. Alikuwa amegombana na baba juu ya kurudia mtihani. Baba alitaka arudie, yeye hakutaka, na maneno waliyoambiana sitayaandika kwa sababu wote wawili walishayajutia. Kijana mmoja wa Bonga, kijiji jirani, alikuwa akienda machimboni, upande wa Simanjiro, kuwa mwanaapolo, yaani wale vijana wanaoteremka mashimoni kutafuta mawe ya vito. Kaka akaenda naye. Aliniambia mimi peke yangu, asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu vya shule. "Mwambie mama nitaandika." Na aliandika, barua mbili. Halafu akawa anapiga kwenye simu ya jirani, mwanzoni kila mwezi, kisha mara mojamoja. Halafu kimya.

Kimya kilipofika miezi sita, tulisikia kwa watu kwamba kuna shimo limetitia na vijana kadhaa hawakutoka. Baba aliomba ruhusa kazini akaenda. Alikaa kule siku nane. Aliporudi alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu.

"Kule watu hawatumii majina yao," akamwambia mama. "Kila mtu ana jina la utani. Nimetaja jina la mtoto wetu mpaka limekuwa kama si jina. Hakuna anayelijua."

"Umeonyesha picha?"

"Nimeonyesha. Mmoja anasema alimwona, mwingine anasema hapana. Waliofukiwa hawakuorodheshwa popote."

Baadhi ya ndugu walisema tuweke matanga. Mama alikataa. Alisema hamlilii mtu ambaye hajaoneshwa maiti yake. Basi tukawa tunaishi na mtu ambaye hayupo wala hajafa, na kila siku watu wakawa wanamtaja bila kukusudia. Mama alikuwa akitembea kwenda sokoni, mtoto wa jirani anamsalimia, "Shikamoo Mama Fulani," na ndani ya salamu hiyo limo jina la kaka. Mama alijibu marahaba. Lakini nilikuwa nikitembea kando yake, nikaona kila mara bega lake linashtuka kidogo, kana kwamba aliyetajwa yuko nyuma yake.

Mimi sikuwa nimeugusa ule mchezo tangu kaka aondoke. Siku moja ya likizo, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa peke yangu, au nilidhani hivyo. Niliwasha mashine, nikafika kwenye zile nyuso, nikabofya sikio la uso wa tatu. Sijui nilitaka nini.

"Nani ananiita?"

Nje nilisikia beseni likianguka. Mama alikuwa kwenye korido na maharage. Aliingia akiyakanyaga.

"Yuko wapi?"

"Mama, ni mchezo. Ni ile sauti aliyorekodi."

"Najua ni ile. Mwambie aseme tena."

Nikabofya. Mashine ikatoa ile ya beseni: sauti ya mama mwenyewe, mbali, ikimwita kaka, na kaka akijibu, "Nakuja, subirini!"

Mama alikaa juu ya gunia. Hakulia. Alikitazama kioo, kisha akatazama mlango wa uani, ule ambao siku ile alisimama nje yake akaita. 

Kuanzia siku ile alitaka nimfundishe. Mama alikuwa hajawahi kushika kompyuta. Mausi aliishika kama mtu anayemshika kifaranga, akiogopa kumminya. Mara ya kwanza aliinyanyua mezani akaielekeza kwenye kioo. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa jembe na kidole chake kilibofya mara mbili pale palipotakiwa mara moja. Nilidhani atachoka. Baada ya wiki mbili alikuwa anajua njia nzima: kuwasha, kusubiri, picha ya upanga, zile nyuso, uso wa tatu, sikio. Mbele ya hapo hakutaka kwenda. Hakuna siku aliyomchukua yule mtu akaingia naye mapangoni. Alisema huko chini hataki aende.

Alikuwa akija saa tisa mchana, ametoka shamba na amenawa miguu. Alibofya mara moja tu kwa siku. Kaka akiuliza, "Nani ananiita?" mama alijibu, "Ni mimi mama yako." Alijibu kwa sauti ya kawaida, ile ya kumjibu mtu aliye chumba cha pili. Umeme ukiwa umekatika, alikaa mbele ya kioo cheusi dakika chache, kisha akaenda zake.

Mama mdogo alipokuja kutoka Mbulu kututembelea, alisikia. Alimkabili dada yake jikoni mbele yangu.

"Dada, hilo jambo si zuri. Mtu ambaye hujui aliko, humwiti."

"Mimi simwiti. Yeye ndiye anayeuliza nani anamwita. Nisimjibu?"

 Mama mdogo alipoondoka alinivuta pembeni akaniambia nimwangalie mama.

Nilikuwa namwangalia, na nikaanza kuona kitu. Kwa kuwa hakuweza kuchagua neno, alilichukua neno la siku kama habari. Mashine ikisema, "Haya, natangulia," mama alipika ugali wa kumtosha mtu mmoja zaidi, bila kusema kwa nini. Ikisema, "Mmelala? Tuondokeni hapa," alikosa amani, akawa anatoka getini na kurudi. Na siku mashine iliposema, "Nimeumia, msiniache," alitoka stoo na uso wa kijivu, akamwambia baba aliporudi kutoka kazini, "Leo ameumia."

Baba alikuwa hajakaa hata. "Nani?"

"Unajua nani."

Siku tatu mfululizo ikasema hilohilo. Najua sasa kwamba ni bahati tu, kama kurusha sarafu, lakini mimi mwenyewe sikulala vizuri. Nilikuwa nimemfinya mkono mimi. Uchungu ule kwenye sauti ulikuwa wangu. Mama akawa hali chakula vizuri, na jioni za Jumatano, jumuiya yetu ya Kikatoliki ilipokutana kusali nyumba kwa nyumba, alitoa nia yake kwa sauti iliyokauka: "Namwombea kijana wangu, ameumia huko aliko." Wanawake walikuwa wakitazamana.

Kilichoniogopesha zaidi ni neno moja ambalo lilikuwa halijatoka. Lile la mwisho. Kila saa tisa nilisimama kwenye korido nikihesabu pumzi zangu mpaka mama abofye.

Basi asubuhi moja, mama akiwa Mutuka na baba kazini, niliingia kwenye folda aliyonionyesha kaka, nikayatoa mafaili mawili, la kuumia na la kufa. Sikuyafuta. Nilitengeneza folda nyingine nikaiita Jiografia, nikayaficha humo. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga mswaki.

Mama hakujua. Siku zikapita, kaka akawa anauliza nani anamwita, anatangulia, anakuja. Uso wa mama ukarudi. Wiki ya nne Jumatano ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Baada ya rozari, mama alisimama.

"Leo siombi," alisema. "Nashukuru. Kijana wangu amepona."

Watu walipiga makofi. Mama mmoja Mlutheri, jirani aliyekuja tu kwa ujirani mwema, alifuta machozi. Wengine walimwuliza kama amepiga simu, naye akasema hapana, lakini anajua. Alileta chungu cha uji wa ngano na maziwa, akawagawia watu kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tuhamie. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe na nilitaka ardhi inimeze.

Kesho yake nilimfuata baba. Alikuwa anapiga pasi shati lake la kazini.

"Baba, zile sauti mbaya nimezitoa mimi. Ndiyo maana anasema amepona."

Baba alisimamisha pasi wima. 

"Umezifuta?"

"Hapana. Nimezificha."

"Usizifute." Akashika pasi tena, akaiweka chini tena. "Na usimwambie mama yako."

Hatukulizungumza tena. Lakini siku moja nilirudi mapema kutoka shule nikamkuta baba stoo, saa tano asubuhi, siku ya kazi, amekaa mbele ya zile nyuso. Aliponiona alianza kupekua karatasi juu ya magunia. "Natafuta barua fulani," akasema. Nikamwambia sawa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi karibu miaka miwili. Naandika "tulivyoishi" kwa sababu yalikuwa maisha, tulikula, nilifaulu, baba alijenga vyumba viwili kwenye kiwanja chake cha Bonga. Ila nyumba ile ilikuwa na mtu wa nne. Wageni walipokuwa sebuleni saa tisa ikafika, mama aliinuka akasema samahani, na kupitia ukutani wangesikia sauti ya kijana mmoja ikisema neno moja, na mama akijibu. Hakuna aliyeuliza ni nani. Nadhani walidhani ni mimi nina mgeni, au hawakutaka kujua.

Kaka alirudi mwezi wa mavuno ya mbaazi. Nilikuwa uani nafua. Niliona mtu getini, mwembamba, koti kubwa, ameinama anakohoa huku ameshika nguzo. Nilifuta mikono nikaenda.

"Shikamoo," nikamwambia.

Aliinua kichwa. "Marahaba," akajibu. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Ndipo nikamjua, kwa meno. Sauti haikunisaidia hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mzee, yenye changarawe, inayokatika katikati ya neno.

Mama alifika alasiri na mzigo kichwani. Aliutupa. Alimshika kaka uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayetafuta jeraha la mtoto. Alilia, baba naye alilia aliporudi, majirani wakajaa. Katikati ya yote hayo nilimsikia mama akiuliza, "Mwanangu, sauti yako iko wapi?"

"Imebaki kule, mama," kaka akasema. "Ni vumbi."

Alituambia kidogo tu. Kwamba hakuwa kwenye shimo lile lililotitia, ila jingine. Kwamba aliwahi kulala mgonjwa muda mrefu kwa mtu asiyemfahamu, kifua kikikataa kupanda na kushuka. Kwamba aliona haya kurudi mikono mitupu. Baba alimwambia hakuna aliyemwomba mikono. Sikumwuliza alilala huko miezi gani. Ningeweza kuhesabu, nikajua kama ilikuwa kabla ya mimi kuyatoa yale mafaili au baada, na sikutaka kujua. Mpaka leo sijamwuliza.

Siku ya pili tulikuwa tumekaa uani, kaka kwenye kiti cha baba, juani. Saa tisa ikafika. Mama aliinuka, akanawa miguu, akaingia ndani.

"Nani ananiita?"

Kaka alishika mikono ya kiti. Nadhani alikuwa ameusahau kabisa ule mchezo. Tukamsikia mama akijibu, kama siku zote, "Ni mimi mama yako."

Kaka akanitazama. Nikamweleza kwa kunong'ona, nusu tu. Akainuka akaenda stoo, mimi nyuma yake. Mama alikuwa amekaa ameweka mikono mapajani.

"Mama, mimi nipo hapa," kaka akasema. Ilimchukua pumzi mbili kuyamaliza maneno hayo manne.

Mama aligeuka akamtazama kwa huruma. "Wewe pumzika, mwanangu. Nilikuwa namsalimia mwenzio."

Sijasahau jinsi alivyosema mwenzio. Hakuwa amechanganyikiwa. Alijua vizuri aliyesimama mlangoni ni nani, alikuwa amempikia uji asubuhi hiyohiyo. Lakini kwa miaka miwili alikuwa na kijana aliyemjibu kila alasiri, mzima, mwenye pumzi tele, na hakuona kwa nini amfukuze kwa sababu mwingine amerudi.

Ikaendelea hivyo majuma kadhaa. Kaka akawa anaondoka nyumbani kabla ya saa tisa, anatembea mpaka karibu na ziwa, anarudi jua likiwa limepoa. Siku moja alinisubiri njiani nitoke shule.

"Nataka kuifuta ile sauti," akasema.

"Usiifute. Mama atakufa."

"Na mimi je? Nyumba ile ina mimi wawili. Yule ndiye anayependwa." Akapumzika. "Halafu yule haumwi. Nimemsikiliza. Mbona haumwi? Tulirekodi akiumia."

Nikamwambia nilichofanya. Nilidhani atakasirika. Alisimama kando ya barabara, malori yakipita na kutumwagia vumbi, na yeye ameziba mdomo kwa kola ya koti.

"Yarudishe," akasema. "Yote mawili."

"La kufa pia?"

Alifikiri. "La kuumia."

Alilirudisha mwenyewe. Na siku iliyofuata hakwenda ziwani. Alikaa stoo, kwenye gunia, kando ya mama. Siku ya kwanza mashine ilisema jingine. Ya pili pia. Siku ya tano mama alibofya, na ile sauti changa ikasema, "Nimeumia, msiniache."

Mama aliuondoa mkono kwenye mausi. Alikuwa hajalisikia neno hilo karibu miaka miwili. Nilimwona akianza kupoteza rangi kama zamani, na mara hii badala ya kutazama kioo, akageuka. Kaka alikuwa pale, anapumua kwa mdomo, mabega yakipanda na kushuka.

"Unaumwa wapi?" mama akamwuliza.

"Hapa." Akajigusa kifuani.

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa kule."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa hujaniuliza, mama."

Mama alivuta gunia lake karibu, akaweka kiganja kifuani kwa kaka, juu ya shati, akakiacha pale. "Haya, niambie," akasema. Na kaka akamwambia. Ilichukua alasiri nzima kwa sababu ya kupumzika katikati. Mambo aliyoyasema hakuwahi kuyasema sebuleni mbele ya watu: giza la kule chini, kamba, rafiki yake wa Bonga aliyetangulia mbele yake siku moja na asirudi. Mashine ilikuwa inaendelea kuunguruma, na yule mtu wa kofia ya chuma akitutazama, na hakuna aliyemgusa.

Wiki hiyo mama alimpeleka hospitali. Walikwenda mara nyingi baadaye, hata Arusha. Hakupona kabisa, vumbi la mawe halitoki, lakini alipata dawa za kumsaidia na akajifunza kuishi na pumzi aliyobaki nayo. Mama aliendelea kwenda stoo, ila si kila siku. Ikawa mara moja kwa wiki, ikawa mpaka akumbuke.

Wakati wa masika umeme ulirudi kwa kishindo ukaiunguza ile mashine. Baba aliipeleka kwa fundi, ikarudi ikiwa na diski nyingine, tupu, bila zile sauti. Ilibidi mimi ndiye nimwambie mama. Alikuwa anachambua mbaazi. Akasema, "Sawa," akauliza kama kaka amekunywa dawa ya mchana. Nilienda chooni nikalia mimi.

Sasa kaka anaishi Bonga, kwenye vile vyumba vya baba, ana mke na watoto wawili, anatengeneza redio na simu. Mimi naishi mbali. Juzi alinipigia kunieleza kwamba mahindi yamechelewa na kwamba mama, ambaye sasa anakaa kwake, ameanza kukataa kuvaa miwani. Tulizungumza muda mrefu. Aliposema kwaheri nilibaki na simu sikioni nikijaribu kuikumbuka ile sauti yake nyingine. Maneno ninayo yote, kwa mpangilio. Sauti yenyewe siipati. Nikijaribu sana, naisikia mashine ya kusaga.